"Sina uzoefu wowote": barua zenu kuhusu wasifu wa kazi

Mwezi uliopita niliandika hapa mistari michache kuhusu barua ya maombi ya kazi, nikadhani nimemaliza. Barua zilizofuata karibu zote zinauliza jambo moja: wasifu, au CV kama wengi mnavyoiita. Nimechagua sita. Majina nimeyaacha, kama ilivyo kawaida ya ukurasa huu.

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: nilifanya kazi miaka 22 katika idara ya utumishi ya kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Nilianzia masijala, nikipasua bahasha za kaki na kugonga muhuri wa tarehe, nikaishia kwenye meza inayoamua nani aitwe kwenye usaili. Ninayowajibu yametoka kwenye meza hizo mbili.

Shikamoo Mama. Nilihitimu shahada ya uhasibu mwaka 2022. Tangu hapo nimetuma maombi zaidi ya 60, nimeitwa kwenye usaili mara moja tu. CV nilitengenezewa steshenari kwa shilingi 5,000 na naituma hiyo hiyo kila mahali. Kila tangazo linataka uzoefu wa miaka miwili au mitatu na mimi sina uzoefu wowote. Nipo nyumbani tu, namsaidia mama kwenye duka lake la nafaka. Nimeiambatanisha, naomba uiangalie. Mhitimu, Tandika

Marahaba, mwanangu. Nimeusoma wasifu wako kalamu mkononi, kisha nikairudia barua yako, na karatasi hizo hazimzungumzii mtu mmoja.

Wasifu una kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza umekwisha kwa jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, dini, kabila, hali ya ndoa na namba ya NIDA, halafu ile aya ya malengo: unatafuta nafasi katika taasisi yenye changamoto na utafanya kazi kwa bidii chini ya usimamizi mdogo. Aya hiyo nimeihifadhi. Nimekutana nayo kwa wahasibu, kwa madereva, kwa wauguzi, neno kwa neno, kwa kuwa imelala kwenye kompyuta za steshenari na kinachobadilishwa ni jina. Ukurasa wa pili umeanzia darasa la kwanza, mwaka 2006. Uzoefu nimeukuta ukurasa wa tatu, mstari mmoja wa mafunzo ya vitendo: "Field, Halmashauri, wiki 8." Chini yake mapendeleo: kusoma, kuangalia mpira, kupata marafiki wapya. Duka la mama halimo kabisa.

Sasa nikueleze upande wa pili wa meza. Mwaka mmoja tulitangaza nafasi ya karani wa ghala, mtu mmoja tu. Siku ya kufunga, maombi yalijaza maboksi mawili ya karatasi za A4, na wasomaji tulikuwa wawili, kila mmoja na kazi nyingine inayomngoja. Hakuna aliyesoma kila mstari. Jicho lilikwenda moja kwa moja kwenye kazi ya mwisho: wapi, tangu lini, alifanya nini. Pakiwa na kitu pale, nageuza ukurasa nisome kwa utulivu. Pakiwa patupu, au nikilazimika kupatafuta, mkono unakwenda kwenye bahasha inayofuata. Najua kulikuwa na watu wazuri kwenye zile bahasha nilizozipita, na hilo bado linaniuma.

Ndiyo maana nilikuandikia kukuuliza: unamsaidia mama kufanya nini hasa? Ulinijibu kwa ujumbe mrefu, na kwenye ujumbe huo ndipo nilipokutana nawe. Duka linauza mahindi, maharage na mchele. Mahindi mnayatoa soko la Kibaigwa, kule Kongwa, na wewe ndiye unayepiga simu kuulizia bei, kutafuta nafasi kwenye lori na kuhesabu magunia yakishushwa. Daftari la wadeni lina wateja 38, wengi wao mama lishe na wenye migahawa. Ulilikuta limechanika jalada, ukalihamishia kwenye jedwali la kompyuta. Kila jioni unalinganisha fedha za kwenye droo, malipo ya lipa namba na mzigo uliotoka. Ulipoanza, madeni yaliyopitisha mwezi yalikuwa shilingi 2,400,000. Baada ya miezi kumi yamebaki 600,000.

Mwanangu, mtu anayefanya hayo yote kila siku hawezi kusema hana uzoefu. Huo ni uhasibu, tena wa fedha inayouma, fedha ya mama yako.

Steshenari wangeandika "nilimsaidia mzazi dukani". Mimi ningeiandika hivi, na ningeiweka ukurasa wa kwanza, chini kidogo ya jina na namba ya simu:

*Januari 2023 hadi sasa. Mtunza hesabu na msimamizi wa mauzo, duka la nafaka la familia, soko la Tandika, Dar es Salaam. Kufunga hesabu za kila siku: fedha taslimu, malipo ya simu na mzigo uliobaki. Kusimamia madeni ya wateja 38. Kupunguza madeni yaliyopitisha siku 30 kutoka shilingi 2,400,000 hadi 600,000 ndani ya miezi 10. Kupanga manunuzi na usafirishaji wa mahindi kutoka Kibaigwa.*

Hakuna neno la kuazima hapo. Usiligeuze duka kuwa "kampuni" wala wewe kuwa "meneja fedha". Ni duka la familia, liandike hivyo. Zile tarakimu za madeni ndizo zitakazomfanya mhasibu mkuu wa mahali fulani ainue kichwa. Atakuuliza ulizikusanyaje, nawe utamweleza habari ya yule mama lishe wa stendi uliyemgawia deni lake mafungu ya kila Jumamosi. Utaieleza vizuri kwa sababu ulikuwepo.

Field nayo ifungue. Uliniambia ulikaa idara ya fedha, ukaandaa hati za malipo na kulinganisha daftari la fedha na taarifa za benki za shule za msingi sita. Andika hivyo hivyo, na shule sita zitajwe. Wiki nane zilizoelezwa zina uzito kuliko miaka miwili isiyoelezwa.

Kisha punguza. Shule ya msingi itoe. Elimu ianze na shahada, ishuke kidato cha sita, imalizie cha nne. Ukianza mitihani ya Bodi ya Wahasibu, andika ngazi uliyofikia. Dini, kabila na hali ya ndoa vifute. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa vitu hivyo, na inamhesabu hata mwombaji wa kazi kuwa ni mtu wa kulindwa. Kwa nini umkabidhi mtu kitu ambacho sheria inamzuia kukitumia? Namba ya NIDA usiisambaze kwenye karatasi inayozunguka mji mzima. Utaijaza pale mfumo rasmi utakapoidai.

Mwisho kwako: hayo maombi 60 ya karatasi moja yapumzike. Chukua tangazo moja, lipigie mstari maneno yanayotaja kazi yenyewe, halafu pandisha juu kile ulichokifanya kinachofanana nayo. Tangazo la mtunza ghala, Kibaigwa na magunia yaje mbele. Tangazo la mhasibu msaidizi, yatangulie madeni na benki. Ni saa moja ya kazi kwa kila ombi, na ni bora utume sita za namna hiyo kwa mwezi.

Mama, CV iwe kurasa ngapi? Niweke picha? Na iwe Kiswahili au Kiingereza? Msomaji, Morogoro

Kurasa mbili zinatosha kwa walio wengi, na anayeanza kazi hata mmoja. Picha weka ikiombwa tu. Lugha fuata ya tangazo. Na ukituma kwa barua pepe, tuma faili moja la PDF lenye jina lako kamili, usitume picha kumi za simu zilizopigwa juu ya meza. Wa upande ule hana muda wa kuzipanga.

Shikamoo. Naomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal. Jina langu kwenye cheti cha kidato cha nne limeandikwa kwa "m" mbili, kwenye NIDA ni "m" moja. Rafiki yangu anasema haina shida. Pia cheti changu cha chuo hakijatoka, nina karatasi ya matokeo tu. Nifanyeje? Mwombaji, Singida

Marahaba. Rafiki yako hajawahi kurudishwa mlangoni. Matangazo ya wito wa usaili ya Sekretarieti ya Ajira, wenye hiyo portal, husema wazi kwamba ambaye majina yake yanatofautiana katika nyaraka aje na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Hati hiyo huandaliwa na wakili kisha inasajiliwa, na inachukua muda, kwa hiyo usingoje kuitwa. Ianze wiki hii. Ukishaipata, jina la kwenye wasifu, la kwenye barua na la kwenye akaunti yako ya portal liwe moja, herufi kwa herufi.

Kuhusu matokeo, soma masharti ya jumla chini ya tangazo lolote la Sekretarieti. Hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazipokelewi, wala matokeo ya muda ya chuo. Wanataka cheti chenyewe. Wengi hawashuki hadi huko chini, wanaishia kwenye jina la kada na mshahara. Barua ya maombi nayo iwe na sahihi yako. Inaweza kuwa ya Kiswahili au ya Kiingereza. Barua isiyo na sahihi ni kosa dogo linalochoma ombi zima, na mimi nimelia na vijana wawili wa ukoo wangu kwa ajili yake.

Habari za kazi Mama. Mimi ni mpishi, nipo Arusha. Nimeishia darasa la saba, nimepika hotelini miaka tisa kuanzia kuosha vyombo mpaka kupika mwenyewe. Mwaka 2020 wakati wa korona wageni walikatika na hoteli ikafungwa. Tangu hapo nafanya vibarua vya sherehe. Sasa kuna hoteli mpya wanaajiri, wanataka CV. Mimi nilidhani CV ni ya wasomi. Hata cheti sina. Mama wa watoto watatu

Nzuri, mdogo wangu. Barua yako nimemsomea binti yangu kwa sauti, akaniambia, "Huyu mwajiri akimkosa, amepata hasara." Nakubaliana naye.

Wasifu ni habari ya kazi yako, na wewe una miaka tisa ya habari. Uandike kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, kwa mkono kwanza. Mtoto wako mkubwa au kijana wa steshenari atauchapa, lakini maneno yawe yako. Juu kabisa jina, namba ya simu, mtaa unaoishi. Halafu andika ulivyopanda: mwaka gani ulianza kuosha vyombo, mwaka gani ukaanza kukata mboga na kuandaa nyama, mwaka gani ukasimama jikoni peke yako. Huko kupanda ni ushahidi wa kwanza. Hakuna jiko linalompandisha mtu mara mbili kwa kumwonea huruma.

Kisha taja unachopika, na kwa watu wangapi. "Najua kupika vyakula vyote" haimwambii mpishi mkuu kitu. "Kifungua kinywa cha wageni 45, kuanzia saa kumi alfajiri, wapishi wawili" inamwambia mengi: kwamba unaamka, kwamba hukimbii moto, kwamba unajua kugawana kazi. Taja supu, taja mikate, taja chakula cha wasiokula nyama, taja kwamba unawafungia wageni wa safari maboksi ya chakula cha mchana. Arusha kila hoteli inajua thamani ya mtu anayeweza boksi 30 kabla gari halijaondoka. Vile vibarua vya sherehe navyo viandike: harusi, vipaimara, watu 200, watu 350. Umeendelea kupika tangu 2020, isipokuwa hukuwa na mwajiri mmoja.

Sasa ushahidi. Kifungu cha 44 cha sheria ile ile ya 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi. Wengi hawapewi kwa sababu hawaombi. Hoteli yako imefungwa, lakini kama ulikuwa unakatwa NSSF, nenda ofisi yao na kitambulisho, omba taarifa ya michango yako. Itaonyesha mwajiri na miezi aliyokuchangia. Mtafute pia yule mpishi mkuu uliyefanya naye, hata kama sasa yuko Zanzibar au Karatu, umwombe awe mdhamini wako. Mwambie hoteli gani itampigia na lini, asije akashtukizwa.

Na cheti unaweza kukipata. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na wapishi wamo, pamoja na waashi, maseremala, mafundi magari na wengine. Wanakupima kwa unachokijua tayari, wanakufundisha pale penye upungufu, kisha unapata cheti. Uliza chuo cha VETA kilicho karibu nawe duru ijayo ni lini. Wakati unasubiri, usiandike cheti usichokuwa nacho. Andika "mpishi, uzoefu wa miaka 9", kisha uende mwenyewe hotelini na karatasi yako, asubuhi, si saa ya chakula cha mchana ambapo jikoni hakuna mwenye masikio.

Kuna jamaa Kariakoo anaandika CV kwa shilingi 30,000. Anakuwekea kampuni, miaka mitatu ya uzoefu, na namba ya simu ya "meneja" ambaye ni mtu wake. Wenzangu wawili wamefanya hivyo. Nimechoka kukosa kazi, Mama. Kijana, Mbagala

Najua umechoka. Hata hivyo nakuomba, usifanye.

Aprili 2017 serikali ilipomaliza uhakiki wa vyeti, watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa na miaka mingi kazini, wana nyumba, wana watoto vyuoni, na waliondoka kwa karatasi moja ya zamani. Utasema chako si cheti, ni uzoefu tu. Kwa anayekuajiri ni uongo huo huo.

Nikupe la kwangu. Tulimsaili kijana wa ghala, akajibu vizuri kuliko wote watano. Mimi ndiye niliyepiga simu kwa mdhamini wake, "meneja wa ghala" wa kampuni fulani. Nikajitambulisha, nikamtaja kijana. Yule bwana akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Kwani yeye kaandika kampuni gani?" Nikashukuru, nikakata simu. Baadaye nikagundua kwamba yule kijana alikuwa kweli amefanya kazi miaka miwili akipakua makontena kama kibarua. Angeandika hivyo tungemchukua. Tulikuwa tunatafuta mtu anayejua mzigo. Kazi aliikosa kwa mistari miwili ambayo wala hakuihitaji.

Hizo 30,000 zipo? Chapisha nakala safi za vyeti, zithibitishwe na wakili, na nauli ibaki ya kwenda kwenye usaili. Halafu niandikie ulichokifanya tangu umalize shule, hata kama ni kubeba zege. Tutaupanga wasifu wako pamoja kwenye toleo lijalo.

Mama shikamoo. Nilikuwa katibu muhtasi. Mwaka 2019 niliacha kazi kumuuguza mama yangu hapa Tanga, alipooza. Amefariki mwaka 2023. Sasa nataka kurudi kazini lakini CV ina shimo la miaka minne. Rafiki ananishauri nirefushe tarehe za kazi ya zamani. Binti wa Tanga

Marahaba binti yangu. Pole sana kwa mama, Mungu amrehemu.

Tarehe usiziguse. Yule mwajiri wa zamani anazo, NSSF wanazo, na simu moja inatosha. Ule muda uandike mahali pake, kwa mpangilio wa miaka kama kazi nyingine yoyote: *2019 hadi 2023. Nilisimama kazi kumuuguza mzazi.* Basi. Usiombe radhi, usieleze ugonjwa.

Nakwambia hivi kwa sababu nina deni. Miaka yangu ya kati pale kiwandani niliweka pembeni wasifu wa mama mmoja kwa sababu ulikuwa na pengo la miaka mitatu lisilo na neno. Nilijiambia kuna jambo anaficha. Mwenzangu wa meza ya pili akauokota, akapiga simu, akauliza tu: hapa katikati ulikuwa wapi? Alikuwa akimuuguza mumewe. Aliajiriwa, na alikaa nasi mpaka mimi nastaafu. Funguo za stoo ya vipuri zilikuwa mikononi mwake. Kama pale katikati angeweka mstari mmoja, nisingehitaji kuokolewa na mwenzangu.

Kwako kuna jingine la kufanya kabla hujatuma. Miaka minne programu za ofisi zimebadilika. Kaa wiki mbili na mtu anayezitumia kila siku, zoea mikutano ya mtandaoni na mafaili ya kushirikiana, kisha uandike majina ya programu unazozimudu kweli. Kasi yako ya kuchapa ipime upya, uandike ya leo.

Na kabla ya yote, panda juu kabisa ya ukurasa uangalie namba ya simu. Wasifu ulionitumia bado una namba uliyokuwa nayo 2019. Nimeipiga Jumanne mara tatu, haipatikani. Weka hii uliyoniandikia nayo, na ya pili iwe ya kaka yako.